Daftari la Muuguzi

Mwanzoni mwa mwezi wa Novemba, mwaka 1854, meli iliyotoka Marseille ilitia nanga katika mlango wa bahari wa Bosphorus, mbele ya mji wa Constantinople, ambao siku hizi huitwa Istanbul. Ndani yake walikuwamo wauguzi wanawake 38 pamoja na kiongozi wao, Florence Nightingale, mwanamke wa miaka 34, binti wa watu matajiri. Uingereza, Ufaransa na Uturuki zilikuwa zikipigana na Urusi katika rasi ya Crimea, na askari wa Kiingereza waliougua au kujeruhiwa huko walivushwa Bahari Nyeusi na kuletwa Scutari, upande wa pili wa mlango huo wa bahari, katika kambi kubwa ya jeshi la Kituruki iliyokuwa imegeuzwa hospitali.

Msomaji bila shaka amekwisha kusikia habari za bibi huyo na taa yake. Habari hizo ni za kweli, wala sina nia ya kuzipunguza. Lakini mimi nataka kueleza habari za daftari lake. Kwa kuwa taa iliwafariji waliokuwa wakifa, na daftari ndilo lililouliza kwa nini wanakufa.

Hospitali ya Scutari ilikuwa jengo la kutisha. Vitanda vilipangwa karibu karibu katika vyumba na katika ushoroba, hata ilisemekana kwamba kama vingewekwa katika safu moja safu hiyo ingefika maili nne. Chini ya jengo mifereji ya maji machafu ilikuwa imeziba, na uvundo wake ulipanda mpaka wodini. Wauguzi walifua nguo, walisugua sakafu, walipika chakula chepesi cha wagonjwa na kufunga vidonda. Fedha zilizochangwa na wasomaji wa gazeti la The Times zilinunua mashati, sabuni na vyombo. Mtu angetazamia kwamba baada ya kazi hiyo yote vifo vitapungua. La, viliongezeka. Mwezi wa Februari, mwaka 1855, miezi mitatu baada ya wauguzi kufika, katika kila askari mia waliotibiwa karibu 43 walikufa. Hili ni jambo ambalo vitabu vya watoto hulipita kimya kimya.

Mwezi wa Machi ilifika tume iliyotumwa na serikali ya Uingereza, ya watu waliojua mambo ya usafi wa miji, miongoni mwao daktari John Sutherland na mhandisi Robert Rawlinson. Walizibua na kusafisha mifereji, waliondoa taka kwa mamia ya mikokoteni, walizika mizoga, walipaka kuta chokaa na kutoboa matundu ya kupitisha hewa. Katika mfereji ulioleta maji ya hospitali walikuta mzoga wa farasi. Ilipofika Juni, waliokufa hawakupita wawili au watatu katika mia.

Nightingale aliyaona hayo yote kwa macho yake, lakini kuona si sawa na kujua. Jambo moja lililomkasirisha huko Scutari ni kwamba hapakuwa na kumbukumbu ya kuaminika. Vifo viliandikwa katika vitabu mbalimbali na watu mbalimbali, na jumla ya kitabu kimoja haikulingana na jumla ya kingine. Walikuwapo watu waliokwisha zikwa ambao kifo chao hakikuandikwa popote. Hebu fikiri: mama yuko kijijini Uingereza, anangoja barua ya mwanawe, na katika jeshi lote hapana karatasi iwezayo kusema kama yu hai au amekufa.

Mimi nifundishaye walimu siwezi kulicheka jeshi hilo. Kwa miaka minne niliita majina ya wanafunzi kila asubuhi, nikatia alama katika daftari la mahudhurio, na mwisho wa muhula nikalifunga na kulipeleka ofisini. Siku moja mwanafunzi alipoacha shule kabisa, nililifungua daftari hilo kwa mara ya kwanza kama kitabu cha kusomwa, nikaona kwamba kwa majuma kumi mfululizo alikuwa amekosa kila Alhamisi, siku ya soko. Alama zote nilizitia kwa mkono wangu mwenyewe.

Vita vilipokwisha, Nightingale alirudi Uingereza katika kiangazi cha mwaka 1856. Hapo alikutana na mtu aliyemfaa kuliko majenerali wote, yaani William Farr, daktari aliyefanya kazi katika ofisi kuu ya kuandikisha vizazi na vifo. Farr alizaliwa katika nyumba ya kimaskini, na kwa miaka mingi alikuwa amekaa mezani akizipanga sababu za vifo vya Waingereza kama vile karani wa ghala apangavyo mali. Wawili hao walianza kuzichambua hesabu za jeshi.

Kwanza wakawagawa marehemu kwa sababu ya kifo. Katika vita vile Waingereza waliouawa papo hapo vitani hawakufika 3,000, na waliokufa baadaye kwa majeraha walikuwa kama 2,000. Waliokufa kwa maradhi walizidi 16,000: kipindupindu, kuhara damu, homa za kila namna. Chukua mwezi wa Januari, 1855, peke yake. Jeshi lilikuwa na watu 32,393. Katika mwezi huo majeraha yaliua watu 83, sababu nyingine 324, na maradhi ya kuambukiza 2,761. Kama vifo vingeendelea kwa kasi hiyo bila askari wapya kuletwa, jeshi zima lingemalizika kabla ya mwaka kwisha, hata kama Mrusi hangepiga risasi tena.

Inasemekana kwamba mpaka wakati huo Nightingale aliamini kuwa askari wale walikufa kwa sababu waliletwa kwake wamechelewa, wakiwa wamekwisha dhoofika kwa njaa, baridi na kazi nyingi, na kwamba hesabu hizo ndizo zilizomwonyesha kuwa jengo lake mwenyewe lilikuwa likiua. Wako wanahistoria walikubalio jambo hili, na wako walikataao, wakisema kwamba alikwisha kulijua mapema. Mimi sitaamua ugomvi wao. Lisilo na ubishi ni kwamba alipokwisha kuzisoma hesabu hakuzificha. Aliandika waziwazi kuhusu hospitali ile ambamo watu walikuwa wamemsifu kama malaika, akaonyesha kwamba humo ndimo askari walimokufa kwa wingi kupita kiasi. Ni wangapi kati yetu ambao, baada ya kusifiwa na taifa zima, wangekubali kuwa karani wa kosa lao wenyewe?

Kwa kuwa wakubwa wa serikali hawakupenda kusoma majedwali, alichora. Mchoro wake maarufu wa mwaka 1858 ni rahisi kuuelewa. Fikiri umekata chapati vipande kumi na viwili, kipande kimoja kwa kila mwezi, pembe za vipande vyote zikiwa sawa. Mwezi wa vifo vichache kipande chake ni kifupi, na mwezi wa vifo vingi kipande chake hurefuka mpaka kikatokeza nje sana. Rangi ya buluu ni vifo vya maradhi yaliyoweza kuzuiwa, nyekundu ni majeraha, nyeusi ni sababu nyingine. Mtu asiyejua kusoma jedwali huuona mara moja ubuluu ule ulioenea, na uwekundu ule mdogo katikati. Kwa michoro hiyo alionyesha pia kwamba askari waliokaa kwao Uingereza, wakati wa amani, katika kambi zenye msongamano, walikufa karibu mara mbili kuliko raia wa umri wao. Alisema kwamba ni kama kuwatoa watu 1,100 kila mwaka uwandani na kuwapiga risasi. Makambi yakaanza kutengenezwa. Mwaka huohuo wa 1858 chama cha wanatakwimu wa London kilimpokea, akawa mwanamke wa kwanza katika chama hicho.

Mpaka hapa nimesema habari za mtu mmoja mwenye akili nyingi na marafiki wenye vyeo. Lakini mtu mmoja hawezi kuhesabu wagonjwa wa nchi nzima. Ilibidi elimu hiyo iwafikie walio kando ya kitanda.

Mwaka 1860, kwa fedha zilizochangwa na wananchi kwa heshima yake, karibu pauni 45,000, ilifunguliwa shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 15 tu, na mafunzo yalikuwa ya mwaka mmoja. Katika orodha ya mambo waliyotakiwa kuyajua, pamoja na kufunga vidonda na kutandika kitanda cha mgonjwa asiyeweza kugeuka, limo jambo hili: kumtazama mgonjwa barabara, mpigo wa moyo, pumzi, ngozi, hamu ya chakula, usingizi, hali ya kidonda, na jinsi dawa na chakula vilivyofanya kazi mwilini. Msimamizi mkuu wa wauguzi, Sarah Wardroper, aliandika taarifa ya kila mwanafunzi kila mwezi, na Nightingale alizisoma.

Katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 alikuwa amekwisha kulalamika juu ya majibu ya ovyo. Ukimwuliza mgonjwa kama amelala vizuri, alisema, hujauliza kitu. Uliza amelala saa ngapi, na ni saa zipi za usiku. Mmoja aweza kusema hakupata hata lepe la usingizi kwa kuwa amelala saa saba badala ya kumi, na mwingine asilalamike kwa kuwa amekwisha zoea kukesha. Muuguzi asemaye “hajambo kidogo” anasema habari za moyo wake mwenyewe. Muuguzi asemaye “alikunywa vikombe viwili vya uji tangu alfajiri, akatapika kimoja” anasema habari za mgonjwa.

Tena katika kitabu hichohicho, mwanamke huyu aliyependa hesabu kuliko wote aliwaonya wauguzi wasizitegemee hesabu peke yake. Wastani wa vifo, alieleza, hutuambia kwamba watu kadha katika mia watakufa. Hautuambii ni yupi kati yao. Hilo ni juu ya jicho la muuguzi. Naona hapa ndipo penye uzito wa somo lake, maana kwa hesabu twaijua wodi, na kwa jicho twamjua Juma au Fatuma alalaye ndani yake, na mwenye kimoja tu hukosea.

Kisha alitaka hospitali zote ziandike kwa namna moja, kwa kuwa kila moja ilikuwa ikiyaita maradhi kwa majina yake na kuhesabu kwa desturi yake. Pamoja na Farr alitengeneza fomu: wagonjwa waliokuwamo mwanzo wa mwaka, walioingia, waliopona, waliotoka bila kupona, waliokufa, waliobaki, na muda waliokaa. Fomu hizo zilipelekwa mbele ya mkutano wa wanatakwimu wa mataifa uliofanyika London mwaka 1860, nazo zilisifiwa. Hospitali kadhaa zilianza kuzijaza. Baada ya muda ziliacha, kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi na gharama kubwa. Nadhani kila muuguzi aliyewahi kubaki ofisini baada ya zamu, akijaza fomu za mwisho wa mwezi, atawasamehe.

Na hesabu nazo zaweza kudanganya. Katika kitabu chake juu ya hospitali cha mwaka 1863, Nightingale alitia jedwali la Farr lililosema kwamba katika hospitali 24 za London kiwango cha vifo kilikuwa 90.84 kwa mia. Madaktari walikasirika, na walikuwa na haki. Farr alikuwa amechukua vifo vya mwaka mzima, 3,828, akavigawa kwa idadi ya wagonjwa waliokutwa vitandani siku moja tu, 4,214. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuona kosa. Hospitali yenye vitanda 100 vilivyojaa daima, ikiwa kila mgonjwa hukaa kama siku 36, hutibu watu kama 1,000 kwa mwaka. Wakifa 90, hao ni tisa tu katika mia ya waliotibiwa. Kitu cha kugawanya kilikuwa sahihi, kitu cha kugawanyia kilikuwa kibaya. Kwa hiyo, msomaji, ukiambiwa “asilimia kadha”, uliza kwanza: ya nini?

Sasa nafikia jambo ambalo naliona kuwa jaribio kubwa kuliko lile la Scutari. Mwaka 1861 fedha za Nightingale zilianzisha shule ya wakunga katika hospitali ya King's College, London, pamoja na wodi ndogo ya kujifungulia. Shabaha ilikuwa njema: kuwafundisha wanawake ambao wangerudi vijijini kuwasaidia akina mama maskini. Lakini homa ya uzazi iliingia wodini. Kwa miaka michache ile wanawake 780 walijifungua humo, na 26 walikufa. Wodi nyingine ingesema, basi, ni mapenzi ya Mungu, na wanafunzi wakaendelea. Hapa hesabu ilifanywa: vifo 33 katika kila elfu. Katika Uingereza nzima, wengi wakijifungulia nyumbani, baadhi yao katika vibanda vya kimaskini kabisa, vifo vilikuwa kama vitano katika elfu. Mwaka 1867 wodi ikafungwa, na shule pamoja nayo.

Nightingale hakuishia hapo. Mwaka 1871 alitoa kitabu juu ya nyumba za kujifungulia, akakusanya hesabu kutoka nchi nyingi za Ulaya. Kwa jumla zilisema neno lilelile: mahali palipokusanya wazazi wengi pamoja na wanafunzi wa udaktari paliua zaidi kuliko nyumbani. Sababu aliyoitoa haikuwa sahihi yote, kwa kuwa alitilia mkazo mno hewa mbaya na msongamano, na elimu ya vijidudu ilikuwa bado changa. Lakini hesabu yake ilikuwa kweli, na aliyeitii hesabu aliokoa watu hata kabla sababu haijajulikana.

Swali la mama ajifunguaye halikuisha pale London. Miaka mia moja baadaye liliulizwa tena barani Afrika, na safari hii kalamu ilikuwa mikononi mwa wakunga wenyewe. Katika mji wa Salisbury, ambao sasa ni Harare, madaktari Philpott na Castle waliona kwamba akina mama wengi hujifungulia katika zahanati zisizo na daktari, na kwamba mkunga wa zahanati hushindwa kujua ni saa ngapi ampeleke mama hospitali kubwa. Akimpeleka mapema mno, amemsumbua bure; akichelewa, mama na mtoto wako hatarini. Mwaka 1972 walitoa karatasi ya mistari. Mkunga hupima jinsi njia ya uzazi inavyofunguka, hutia alama, na alama huungana kuwa mstari upandao. Juu ya karatasi mmekwisha chorwa mistari miwili. Wa kwanza ni wa tahadhari: mama akiuvuka, mkunga wa zahanati na afanye mpango wa kumsafirisha. Wa pili uko saa nne mbele: akiufikia, lazima hatua ichukuliwe. Mkunga hakuhitaji kungoja ruhusa ya mkubwa. Karatasi yake ilikuwa shahidi wake.

Mwezi wa Februari, 1987, mkutano wa kimataifa juu ya uzazi salama ulifanyika Nairobi, na baada yake Shirika la Afya Duniani lilitia nguvu katika kuieneza karatasi hiyo. Ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 35,000 katika Indonesia, Malaysia na Thailand, na uchungu uliozidi saa 18 ukapungua kutoka 6.4 mpaka 3.4 kwa mia. Karatasi ikaenea duniani.

Hata hivyo haikuachwa bila kuulizwa. Mstari wa tahadhari ulichorwa kwa kudhani kwamba njia hufunguka sentimita moja kila saa. Wanawake zaidi ya 5,000 walipofuatwa katika hospitali za Nigeria na Uganda, ilionekana kwamba wengi huenda polepole kuliko hivyo na bado hujifungua salama. Wastani ulikuwa umewekwa mahali pa mama mwenyewe. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi mpya isiyo na mstari ule, yenye nafasi pia ya kuandika kama mama amepata kinywaji, kama amepewa dawa ya maumivu, na kama ana mtu wa kumfariji.

Binti wa jirani yangu alisomea uuguzi kabla karatasi hiyo mpya haijatoka. Wakati wa likizo alikuja kwangu jioni kufanya mazoezi, kwa kuwa kwao hakukuwa na meza. Alikuwa na kisa cha mama wa kubuniwa, vipimo vya saa nane, na karatasi tupu. Alitia alama kwa penseli, moja baada ya nyingine, kisha akasita. Alama ya tano ilikuwa imeangukia juu ya mstari wa tahadhari, si huku wala kule.

Nikamwambia, “Mwanangu, kama si kosa, mpe saa moja zaidi.”

“Mwalimu,” akanijibu bila kuinua kichwa, “kutoka zahanati mpaka hospitali ni mwendo wa saa mbili, na barabara ikinyesha ni tatu.” Akaandika pembeni saa ya kuitisha gari, akaendelea na alama ya sita.